Gharama Ilipunguzwa Wapi? Kuijua Zana ya Bei Nafuu Inayofaa Kununuliwa

Weka mezani spana mbili za namba 13. Moja inauzwa mara sita ya bei ya mwenzake. Zote zinang'aa, zote zimechorwa shingoni maneno Chrome Vanadium, zote zinaingia kwenye nati ile ile. Wanunuzi wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: huchukua ya bei ya chini wakijiambia kwamba chuma ni chuma, au huchukua ya bei ya juu wakiamini kwamba bei yenyewe ni ushahidi. Wote wanabahatisha.

Swali linalosaidia ni jingine kabisa. Zana yoyote ya bei nafuu ilipunguziwa gharama mahali fulani, kwa sababu chuma, makaa, umeme na mikono ya wafanyakazi vina bei kwa kila kiwanda. Kama mtengenezaji alipunguza kwenye mng'aro, kwenye sanduku, kwenye mpira wa mpini au kwenye matangazo, umepata faida halali. Kama alipunguza kwenye moto ulioipa feleji ugumu wake, au kwenye usahihi wa mdomo unaoshika nati, basi umeuziwa umbo la spana. Kazi yote ya kuchagua zana nafuu ni kujua moyo wa kila zana uko wapi, kisha kuchunguza kama mkasi ulipita hapo.

Tuanze na hizo spana, kwa sababu zinafundisha mengi.

Moto ndio unaotengeneza zana

Maneno Chrome Vanadium yanakutajia mchanganyiko wa feleji, basi. Ni kama kuambiwa udongo wa chungu ulichimbwa wapi bila kuambiwa chungu kilichomwaje. Feleji ya zana hupashwa moto hadi iwake wekundu, huzimwa ghafla kwenye mafuta au maji, kisha hupashwa tena kwa joto la chini zaidi. Hatua ya kwanza huipa ugumu, lakini huiacha ikiwa tayari kupasuka kama kioo. Hatua ya pili huirudishia ustahimilivu. Kiwanda kinachokimbiza muda hukosea hapo, na jicho halioni kosa hilo.

Ugumu wa feleji hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell C. Spana na soketi nzuri huwa kati ya 40 na 48 hivi. Patasi ya mbao iko karibu na 60, na tupa huzidi hapo. Tofauti hizo zina sababu zake. Spana inatakiwa ipinde kidogo kabla ya kuvunjika, maana mkono wako uko nyuma yake. Patasi inatakiwa ishike makali. Tupa lazima iwe ngumu kuliko kila kitu inachokikwangua, na ndiyo maana tupa mbovu haina tiba. Niliwahi kununua moja iliyoonekana safi kabisa. Dakika chache juu ya kipande cha feleji ya kawaida meno yakalala, ikabaki kuteleza. Tangu hapo tupa ni kati ya vitu vichache ambavyo sipunguzi bei hata kidogo, kwa sababu kwake ugumu ndio zana yenyewe. Ukishakuwa na tupa moja nzuri unakuwa pia na chombo cha kupimia zana nyingine. Ipitishe taratibu pembeni mwa makali ya patasi mpya: ikiuma kwa urahisi kama inakwangua msumari, patasi hiyo haikupata moto wa kutosha. Kwenye shingo ya spana, kinyume chake, tupa inapaswa kuuma.

Jambo la pili la spana ni mdomo. Chukua bolti mpya, isiyoliwa pembe, uiingize na uitikise. Ikicheza sana, nguvu ya mkono wako itaangukia kwenye pembe za nati badala ya ubapa wake, na nati itakuwa duara kabla haijafunguka. Jaribio hilo linachukua sekunde tano na linaweza kufanyika mbele ya muuzaji. Kuna spana nyeusi zisizopakwa chochote, zenye alama mbaya za nyundo na kingo zisizosawazishwa, ambazo midomo yake imekaa sawasawa. Hizo gharama ilipunguzwa kwenye sura, nami huzinunua bila wasiwasi. Kuna pia spana nafuu ambazo ni nene kuliko kawaida: mtengenezaji ameongeza unene ili kufidia feleji dhaifu. Hiyo nayo inakubalika, mpaka siku nati itakapokuwa imejificha mahali pembamba.

Kwenye soketi, chagua za pembe sita kuliko za pembe kumi na mbili unaponunua za bei nafuu. Soketi ya pembe sita husukuma ubapa wa nati. Ya kumi na mbili hugusa karibu na pembe na kudai usahihi mkubwa zaidi wa utengenezaji, usahihi ambao ndio uliokatwa. Racheti, yaani mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi, nayo ina hesabu yake. Yenye meno 72 inasogea nyuzi 5 kwa kila jino, yenye meno 24 inasogea nyuzi 15. Meno mengi ni raha kwenye nafasi finyu, ila kila jino linakuwa dogo, na jino dogo la feleji isiyoaminika huruka ukiliegemea kwa uzito wa mwili. Kwa bei ya chini, mimi huchukua racheti ya meno machache. Na kama utatumia mashine ya kugonga kufungulia nati, tafuta soketi nyeusi nene zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, aghalabu za kromu na molibdeni. Zile zinazong'aa zinaweza kupasuka na kurusha vipande.

Sanduku la vipande mia mbili

Hesabu ya vipande ni mbinu ya zamani ya kuuza. Kila biti ndogo ya bisibisi ni kipande, kila ufunguo wa L ni kipande, na ukiondoa hivyo sanduku la vipande 200 hubaki na zana thelathini au arobaini. Kabla ya kununua, andika kwenye karatasi ni zana zipi kati ya hizo utazishika mwaka huu. Mara nyingi orodha haifiki kumi na tano, na kwa fedha zile zile unaweza kununua kumi na tano zilizo bora zaidi. Hata hivyo seti hizo zina faida moja ya kweli kwa anayeanza: zinamfundisha ni saizi zipi anazitumia. Zile zitakazochakaa kwanza ndizo za kuzinunua tena kwa ubora. Wako mafundi wanaoishi kwa kanuni hiyo, nunua ya bei ya chini kwanza, ikikufia mkononi nunua iliyo bora, na kwa zana nyingi za mkono kanuni hiyo ni sahihi. Nitaeleza baadaye inaposhindwa.

Biti za drili ni mfano mzuri wa seti inayodanganya. Herufi HSS zinamaanisha feleji inayobaki ngumu hata joto likifika nyuzi 500, wakati feleji ya kaboni ya kawaida huanza kulegea ikivuka 200 hivi. Rangi ya dhahabu juu yake ni tabaka la titani lenye unene wa mikroni chache. Juu ya feleji nzuri tabaka hilo huongeza maisha ya biti. Juu ya feleji mbovu ni rangi tu, na ukinoa ncha mara moja linakuwa limeshaondoka mahali panapokata. Ninachokiangalia ni vitu viwili. Kwanza mwili wa biti unyooke: ibingirishe juu ya kioo, kama imepinda utaiona ikiyumba. Pili, kingo mbili za ncha ziwe na urefu sawa, kwa sababu ukingo mmoja ukizidi, tundu linatoka pana kuliko biti. Nunua biti chache nzuri za saizi unazotoboa kila wiki. Zile saizi ambazo huzihitaji mara moja kwa miaka miwili, za bei nafuu zinatosha.

Wakati mwingine pia zana husingiziwa. Skrubu za msalaba ziko za aina zaidi ya moja. Zipo za Phillips, ambazo biti zake huandikwa PH, na zipo za Pozidriv, zinazoandikwa PZ na kutambulika kwa mistari minne myembamba iliyochorwa kati ya mikono ya msalaba kichwani mwa skrubu. Ukitumia PH kwenye skrubu ya PZ, biti itaruka na kuliwa hata kama ni ya bei ghali kuliko zote dukani. Watu wametupa bisibisi nzuri kwa kosa hilo.

Vya kupimia, vinavyojipima vyenyewe

Hapa ndipo penye habari njema kuliko zote kwa mwenye bajeti ndogo. Moyo wa kipimo ni usahihi, na usahihi unaweza kuujaribu mwenyewe kabla hujalipa, bila kifaa chochote cha maabara.

Skwea: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, igeuze upande wa pili na uchore mwingine pale pale. Mistari ikilala pamoja, skwea ni nzuri. Ikiachana, pengo unaloliona ni kosa la skwea mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo linaonekana. Pimamaji: iweke juu ya uso wowote, soma mahali povu lilipo, izungushe ncha kwa ncha na uiweke pale pale. Povu lisiposoma vilevile, iache. Uso wenyewe hauhitaji hata kuwa sawa, maana unachokilinganisha ni pimamaji na yenyewe. Rula ya chuma unaipima kwa kuchora mstari na kuigeuza, kama skwea.

Vernia kalipa, ya kusoma kwa macho au ya kidijitali, ifunge midomo na uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita sehemu moja na sehemu nyingine haupiti, midomo haikusagwa sambamba. Kisha ifungue na kuifunga mara kumi uone kama inarudi kwenye sifuri. Kalipa ya kidijitali ikionyesha hatua za milimita 0.01, usidhani ni sahihi kwa kiasi hicho. Nyingi nzuri hujitangaza kwa usahihi wa milimita 0.02 au 0.03, na kwa kazi nyingi za karakana hiyo ni zaidi ya mahitaji. Na ile ndoano ya mwisho wa futi ya utepe inayocheza mbele na nyuma usiihesabu kuwa kasoro. Imeachwa ilegee kwa makusudi, kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe sahihi ukiivuta na ukiisukuma.

Spana ya toki, ile inayolia au kulegea nguvu ya kukaza ikifika kiwango ulichoweka, inaogopwa bila sababu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu kosa la asilimia 4 kwa nyingi za aina hiyo, na unaweza kuikagua kwa uzito. Ibane kichwa chake kwenye jiliwa, yaani kibano cha benchi, ikiwa imelala, tundika uzito wa kilo 10 kwenye mpini, nusu mita kutoka katikati ya kichwa. Hiyo ni takribani nyutoni-mita 49, na uzito wa spana yenyewe unaongeza kidogo. Weka 45 uone kama inalia, weka 60 uone kama inanyamaza. Ya bei nafuu iliyopita jaribio hilo nitaitumia kwenye nati za magurudumu. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi, maana springi iliyobaki imebanwa hupoteza nguvu na namba huanza kusema uongo.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Tukifika kwenye mashine za umeme, mambo yanageuka. Spana haiwezi kujisifu kwa namba, mashine inaweza. Namba hizo nyingi huanguka kwa hesabu ya kawaida ya shule, na nadhani kila mnunuzi anastahili kuijua hesabu hiyo.

Chukua mashine ya kuchomelea iliyoandikwa ampea 300, yenye plagi ya kawaida. Wahandisi hukadiria volti za tao, yaani mwale wa umeme unaowaka kati ya elektrodi na chuma, kwa kanuni moja: 20, ukijumlisha 0.04 mara ampea. Kwa ampea 300 unapata volti 32, na 32 mara 300 ni wati 9,600 pale penye tao, kabla hujahesabu zinazopotea ndani ya mashine. Soketi ya ukutani ya ampea 16 kwenye umeme wa volti 230 haitoi zaidi ya wati 3,680. Kwa hiyo ile 300 haiwezi kutoka humo. Kinachoweza kutoka ni karibu ampea 120, zinazodai wati 3,000 hivi. Na hizo si haba: elektrodi ya milimita 2.5 hutumia kati ya 60 na 100, ya milimita 3.2 hutumia kati ya 90 na 140. Mashine ndogo iliyoandikwa kwa ukweli ampea 120 inaweza kukujengea geti zima.

Kisha tafuta asilimia ya muda wa kazi kwenye bamba la nyuma. Hupimwa kwa dakika kumi: asilimia 60 kwenye ampea 120 ina maana unachomelea dakika sita na kuipumzisha nne. Mashine nafuu nyingi zina asilimia ya chini, na hilo halinisumbui. Fundi anayechomelea kwa mkono hutumia muda mwingi kupanga, kugonga takataka za moto na kubadilisha elektrodi, kwa hiyo mashine inapumzika bila kuambiwa. Bamba lisilo na asilimia hiyo kabisa ndilo linalonifanya niondoke.

Betri nazo zina hesabu yake. Seli moja ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Unganisha tano: wastani ni 18, zikiwa zimejaa ni 21. Kwa hiyo drili ya "18V", ya "20V" na ya "21V" mara nyingi ni kitu kimoja chenye majina matatu. Ziko pia betri zilizoandikwa 48, 88 au zaidi, namba ikifuatwa na herufi VF, ambazo ndani zina seli tano zile zile. Namba hizo hazipimi volti. Uwezo nao una mpaka. Seli ya kawaida ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, haizidi ampea-saa 3.5 hivi hata ikiwa bora kuliko zote. Betri nyembamba yenye safu moja ya seli hizo tano haiwezi kuwa na ampea-saa 6. Uzito husaidia pia: kila seli ya namna hiyo ina takriban gramu 45 au zaidi, hivyo seli kumi peke yake zinakaribia nusu kilo. Betri inayodai makubwa huku ikiwa nyepesi mkononi imejieleza.

Ukilinganisha betri, zidisha volti za wastani na ampea-saa. Volti 18 na ampea-saa 2 ni wati-saa 36. Na ampea-saa 5 ni wati-saa 90. Hiyo ndiyo akiba ya nguvu unayonunua.

La muhimu zaidi, ukinunua drili ya betri hununui drili tu, unaingia kwenye familia. Betri na chaja ndizo sehemu ghali, na kila kampuni ina umbo lake la kuchomeka. Drili nafuu isiyo na betri ya ziada ya kununua baadaye, au ya kampuni inayobadilisha umbo kila mara, itakuwa takataka betri ya kwanza ikifa, hata kama mota yake bado mpya. Kwa mwenye fedha kidogo na soketi ya umeme karibu, ninapendekeza mashine za waya. Hazina betri ya kuzeeka, na kwa bei ile ile zinakupa nguvu zaidi.

Kwenye grainda na drili za waya, chunguza pembeni mwa mota kama kuna vifuniko viwili vidogo vya plastiki vinavyofunguka kwa bisibisi. Hapo ndipo kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinapokaa. Kaboni huisha, na mtengenezaji aliyeziweka mahali pa kufikika alitarajia mota iishi kuliko kaboni zake. Asiyeziweka alitarajia kinyume. Shika pia shafti ya mbele uitikise juu na chini: ikicheza ingali mpya, beringi au vikalio vyake vimekatwa gharama.

Kuna jambo ambalo limewaokolea watu fedha nyingi kuliko uchunguzi wote huu, nalo ni kuchagua aina sahihi ya mashine. Drili ya kawaida yenye kitufe cha nyundo hutoboa zege kwa kugonga meno ya chuma kwa chuma, na unaisukuma kwa nguvu zako zote. Mashine yenye nyundo ya hewa ndani, inayopokea biti za SDS-plus, aina iliyoletwa na Bosch mwaka 1975, ina pistoni inayorusha kipigo chenyewe. Ya bei ya chini kabisa ya aina hiyo inaishinda drili ghali ya nyundo kwenye zege, na bega lako litaona tofauti. Hapo bei ya jina haikusaidii chochote. Muundo ndio unaofanya kazi.

Jina na mwenye jina

Huwa nasikia mtu akisema mashine hizi mbili zinatoka kiwanda kimoja, basi ni sawa, nunua ile nafuu. Sehemu ya kwanza mara nyingi ni kweli. Kampuni ya Techtronic Industries ya Hong Kong imeimiliki chapa ya Milwaukee tangu mwaka 2005 na hutengeneza pia zana za umeme za Ryobi. Stanley Black & Decker inamiliki DeWalt na Craftsman. Chervon ya China inamiliki Skil. Lakini hitimisho halifuati. Kampuni moja hutengeneza rafu tofauti, yaani madaraja tofauti ya bidhaa, kwa wateja tofauti, na hubadilisha kwa makusudi beringi, mota, unene wa gia na muda wa dhamana. Kinachorithiwa na rafu ya chini ni ujuzi: kiwanda kinachojua kutengeneza mashine ya mafundi wa kila siku kwa kawaida hakikosei mambo ya msingi kwenye ile ya mtu wa nyumbani. Hiyo ni sababu nzuri ya kuiangalia rafu ya chini ya kampuni kubwa. Kama unatumia drili saa mbili kwa mwezi, huna haja ya rafu ya juu.

Mahali pa kutopunguza

Ile kanuni ya kununua rahisi kwanza mpaka ivunjike inakoma hapa, kwa sababu kuna zana ambazo kuvunjika kwake ndiko madhara yenyewe.

Diski ya grainda ndiyo ya kwanza. Diski ya milimita 115 iliyoundwa kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde ina kikomo cha mizunguko karibu 13,300 kwa dakika. Ya 125 ni 12,250. Ya 230 ni 6,650. Mita 80 kwa sekunde ni kilomita 288 kwa saa ukingoni. Sasa fikiria mtu anayevua kinga ya grainda ndogo ya mizunguko 11,000 ili diski ya 180 iingie. Ukingo wa diski hiyo unafika karibu mita 104 kwa sekunde, wakati kikomo chake ni mizunguko 8,500. Itakapopasuka hakuna kinachosimama kati ya vipande na uso wake. Soma namba ya diski na namba ya mashine kila mara. Ya diski lazima iwe kubwa. Angalia pia pete ya chuma katikati, kwani diski zilizoshikwa kwa gundi ya resini hupigwa chapa ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski nafuu isiyo na namba ya mizunguko, au isiyo na tarehe, siichukui hata ya bure.

Miwani ya kinga, kwa bahati nzuri, si ghali. Tafuta alama ya EN 166 au Z87 kwenye kioo au fremu. Bisibisi na koleo za kazi ya umeme ziwe na alama ya volti 1000 na namba ya kiwango IEC 60900; mpini mnene wa plastiki bila alama hiyo ni mpini mnene tu. Herufi CE zenyewe kwenye zana nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, hivyo usizichukulie kama cheti cha mkaguzi. Alama ya GS ya Ujerumani, kinyume chake, hutolewa baada ya chombo huru kupima. Na jeki, iwe ya bei gani, ni ya kuinulia. Aliye chini ya gari anashikiliwa na stendi, na kwenye stendi kagua mishono ya kuchomelea na pini ya kufungia kabla ya kuangalia bei.

Kilichotumika tayari

Njia bora ya kupata zana nzuri kwa fedha kidogo ni kununua ya zamani, mradi ujue ipi inazeeka vizuri. Zinazozeeka vizuri ni zile zisizo na umeme, zisizo na shinikizo, na zenye sehemu chache. Tangi la kompresa halimo humo. Maji hukusanyika ndani yake na kuila feleji kutoka ndani, mahali usipoweza kuona, na rangi mpya ya nje haikuambii lolote.

Randa ya chuma imo. Muundo wa Leonard Bailey, ambao kampuni ya Stanley iliuchukua mwaka 1869, ndio unaofuatwa mpaka leo, kwa hiyo randa ya zamani mara nyingi hupokea vipuri vya kisasa. Kutu ya juu juu huondoka kwa msasa na mafuta. Mashimo ya kutu karibu na makali ya ulimi ndiyo mabaya, maana kila ukinoa yatakutana na ukingo. Misumeno inahitaji uangalifu wa namna yake. Ile mipya ya bei nafuu yenye meno yaliyopata rangi ya buluu-nyeusi kwenye ncha imekazwa kwa moto wa haraka. Tupa haiwezi kuinoa, ikiisha imeisha, lakini kwa muda wote wa uhai wake hukata vizuri ajabu kwa bei yake. Kwangu hiyo ndiyo zana nafuu inayolipa kuliko zote. Msumeno wa zamani unanoleka kwa miaka, ila unahitaji mtu aliye tayari kujifunza kuunoa.

Na jiliwa. Kama nina fedha za kununua kitu kimoja kizito tu kwa ajili ya karakana, nitatafuta jiliwa kuukuu kabla ya kuitazama mpya ya bei ya chini, ambayo kwa kawaida hupunguziwa uzito wa chuma na unene wa skrubu kuu, yaani moyo wake. Ifungue mpaka karibu na mwisho, ushike taya linalosogea na ulisukume pande zote. Kucheza kidogo ni umri, kucheza sana ni uchovu. Geuza mpini huku na huku uone ni robo ngapi za mzunguko zinapita kabla taya halijaanza kusogea. Tafuta nyufa kwenye kona za ndani, na hasa mishono ya kuchomelea iliyopakwa rangi, kwani chuma cha kalibu kilichopasuka na kuchomelewa kitapasuka tena kandokando ya mshono. Gonga taya kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Bamba za taya zikiwa zimelika, usimshushie muuzaji heshima bali mshushie bei. Zimefungwa kwa skrubu mbili kila upande, na mpya unaweza kuzikata mwenyewe kutoka kipande cha feleji bapa, kwa msumeno wa chuma na ile tupa yako nzuri.